Rangi ya ngozi katika picha za wachoraji weusi wa kisasa

Rangi ya ngozi katika picha za watu ni uamuzi wa mchoraji, si suala la kunakili tu kile anachokiona. Wachoraji kadhaa weusi wa siku hizi wamelifanya jambo hili kuwa kiini cha kazi zao. Sababu yake ni ya kihistoria: kwa karne nyingi, katika picha za Ulaya na Marekani, mtu mweusi aliwekwa mara nyingi pembeni, akiwa mtumishi aliyeshika sinia au hatamu za farasi wa bwana wake.

Kerry James Marshall alizaliwa Birmingham, Alabama, mwaka 1955. Mwaka 1980 alichora picha ndogo ya mwanamume mweusi mbele ya ukuta mweusi; kinachoonekana upesi ni macho, shati na meno yenye pengo. Tangu hapo watu wake huwapaka nyeusi kabisa, wala si hudhurungi. Kwa mbali mtu aweza kudhani ni dhihaka. Akisogea karibu ataona kwamba weusi huo si mmoja. Marshall hutumia aina tatu, yaani nyeusi ya mifupa iliyochomwa, ya masizi na ya oksidi ya chuma, kisha huzitia buluu, kijani au zambarau ili shavu litofautiane na shingo. Mwanafunzi aliyewahi kuchanganya rangi atajua ugumu wake, maana njia rahisi ni kuongeza nyeupe penye mwanga. Picha yake ya mwaka 1997, inayoonyesha familia ikipumzika kando ya maji, ilinunuliwa na taasisi ya umma ya Chicago kwa dola 25,000. Mwaka 2018 iliuzwa New York kwa dola milioni 21.1.

Amy Sherald hufanya kinyume: ngozi huipaka kijivu, nguo zikabaki na rangi kali. Picha yake ya Michelle Obama ilizinduliwa Washington tarehe 12 Februari 2018, na baadhi ya watazamaji walilalamika kwamba haifanani naye. Siku hiyohiyo ilizinduliwa ya Barack Obama, kazi ya Kehinde Wiley, ambaye huacha ngozi ya kahawia ing'ae. Katika majani yanayomzunguka Obama kuna yungiyungi la buluu la Afrika, kwa ajili ya Kenya, nchi ya baba yake.

Malalamiko ya kutofanana hayamhusu Lynette Yiadom-Boakye, mzaliwa wa London mwaka 1977 ambaye wazazi wake walitoka Ghana. Watu anaowachora hawakuwahi kuwepo, huwatunga mwenyewe.