TUMBO MOJA, LAKINI FIGO HAIFAI: KWA NINI?



Katika mkutano mmoja wa tawi, baada ya mambo ya mishahara na viatu vya mpira kumalizika, mwanachama kutoka shamba la chai alisimama akauliza swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu pale pale. Mdogo wake figo zote mbili zimekufa. Yeye mwenyewe alikubali kutoa figo yake moja, akapimwa, kisha akaambiwa kwamba haifai. "Tumetoka tumbo moja," alisema, "tumenyonya ziwa moja. Figo yangu itakosaje kumfaa? Au wanataka kitu kidogo?" Watu walicheka aliposema kitu kidogo, lakini yeye hakucheka.

Swali hilo tumelifuatilia. Majibu yake ni marefu kidogo, basi tunaomba mvumilie.

Figo huchuja damu usiku na mchana bila mapumziko. Zikifa, kazi yake hufanywa na mashine. Hapa Kampala wagonjwa wengi hupelekwa hospitali ya Kiruddu, na mgonjwa hulala kwenye mashine muda wa saa nne hivi, mara mbili au tatu kila wiki, maisha yake yote. Mtu anayelipwa kwa siku akikosa siku tatu katika wiki, hesabu yake ninyi mnaijua kuliko sisi. Ndiyo sababu figo ya kupandikizwa ni jambo kubwa kwa mfanyakazi: humrudisha kazini. Kwa miaka mingi Mganda aliyeihitaji alisafiri India, na asiye na fedha alibaki. Mwaka 2023 nchi ilipata sheria ya kutoa na kupandikiza viungo vya binadamu, na Desemba mwaka huo huo madaktari wa Mulago, wakisaidiwa na wenzao kutoka India, walipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini. Watanzania walikuwa wametangulia pale Muhimbili mwezi Novemba 2017, na Wakenya kabla yao kwa miaka mingi.

Kwa hiyo kisu sasa kipo. Lakini kazi ngumu haiko kwenye kisu. Kazi ngumu ni kuufanya mwili wa mgonjwa usimfukuze mgeni.

Fikirini lango la kiwanda. Askari wa lango hawezi kujua sura za watu elfu moja, basi huangalia kipande. Mwenye kipande hupita, asiye nacho hukamatwa. Mwili nao ni hivyo hivyo. Karibu kila chembe ya mwili wako imevaa kipande chake, yaani alama ambazo madaktari huziita HLA. Askari ni chembe nyeupe za damu, ambazo huzunguka mwili mzima zikikagua. Zikikuta alama ngeni hupiga filimbi, na vita huanza. Askari hawa tusiwalaumu, kwa maana bila wao hakuna hata mmoja wetu ambaye angevuka utoto. Ila hawajui kutofautisha mwizi na mgeni aliyealikwa. Figo ya ndugu yako inayoingia kukuokoa, wao huiona kama mtu aliyeruka ukuta.

Mwaka 1943, katikati ya vita vya Hitler, Thomas Gibson na Peter Medawar wa Uingereza walieleza habari za mwanamke aliyeungua vibaya, waliyemtibu katika mji wa Glasgow. Walimbandika vipande vidogo vya ngozi kutoka kwa kaka yake. Ngozi ilishika, ikaonekana nzuri, kisha ikafa. Wakambandika vipande vingine vya kaka yule yule, navyo vikafa upesi zaidi kuliko vile vya kwanza. Maana yake askari wa mwili wake walikuwa wamekwisha kumwandika yule kaka katika daftari lao. Mwili unakumbuka. Kwa kazi iliyofuata baada ya hapo, Medawar alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1960.

Sasa tufike kwenye tumbo moja. Kila mtu ana mafungu mawili ya alama hizi, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Lakini baba naye ana mawili yake, na mtoto humpa moja tu. Mama vile vile. Ni kama kurusha sarafu mara mbili kila mtoto anapotungwa. Kwa hiyo ukichukua ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja, ipo nafasi moja katika nne kwamba wamefanana kabisa, nafasi mbili katika nne kwamba wamefanana nusu, na nafasi moja katika nne kwamba hawakufanana hata kidogo. Mtu anaweza kunyonya ziwa moja na mwenzake, akala sahani moja naye miaka ishirini, lakini kwa askari wa damu akawa mpita njia tu. Mzazi na mtoto hufanana nusu siku zote. Ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali, kama ilivyo katika nyumba nyingi za kwetu, wana nafasi moja katika mbili ya kufanana nusu, na kufanana kabisa ni bahati ya nadra mno.

Wengine husema basi tutafute mtu wa kabila letu. Hilo nalo halisaidii sana. Mwaka 2004 watafiti walichapisha uchunguzi wa alama hizi kwa watu 852 wa Uganda, Zambia, Wanandi na Wajaluo wa Kenya, na Wadogoni wa Mali. Waliona aina nyingi sana, tena zikitofautiana kati ya taifa na taifa. Afrika ina alama nyingi mchanganyiko kuliko bara lolote, na jirani wa mtaani kwako kufanana nawe kabisa ni vigumu. Mahali pa kuanzia kutafuta ni nyumbani.

Hata hivyo ndugu yetu wa shamba la chai huenda hakukataliwa kwa sababu ya alama hizo. Lipo jambo linalotangulia, nalo ni kundi la damu. Baba wa kundi A na mama wa kundi B wanaweza kuzaa watoto wa A, wa B, wa AB na hata wa O, wote katika nyumba moja. Figo ya mtu wa O humfaa mtu wa kundi lolote, lakini mgonjwa wa O hupokea ya O peke yake, isipokuwa kwa matibabu maalumu ya gharama kubwa. Huenda pia alikataliwa kwa faida yake mwenyewe: daktari akikuta presha, au sukari, au figo yako moja dhaifu, hatakubali kuondoa ile nzima ili wawe wagonjwa wawili badala ya mmoja.

Na lipo jambo la tatu, ambalo ndilo kali kuliko yote. Paul Terasaki alikuwa Mmarekani wa asili ya Kijapani, ambaye utotoni alifungwa kambini na wazazi wake wakati wa vita kwa sababu ya asili yao tu. Baadaye akawa mtafiti huko Los Angeles. Mwaka 1969 yeye na mwenzake Patel walieleza kipimo rahisi: chukua chembe za damu za mtoaji, zitie katika maji ya damu ya mgonjwa, uangalie. Chembe zikifa, mgonjwa ana kingamwili, yaani silaha zilizotengenezwa tayari dhidi ya mtoaji huyo. Walihesabu waliopandikizwa. Kati ya 30 ambao kipimo kilionyesha hatari, figo 24 zilikufa mara moja. Kati ya 195 ambao kipimo kilikuwa safi, zilikufa 8 tu. Tangu hapo ikawa kanuni kwamba kipimo hicho hufanywa kwanza.

Silaha hizo hutoka wapi? Hutoka kwa kuongezewa damu, na kwa kupandikizwa kiungo kabla. Tena hutoka kwa mimba, na hapa akina mama wasikilize. Mtoto tumboni amevaa nusu ya kipande cha baba yake. Mama aliyezaa mara sita, askari wake wamekutana na alama za mume mara sita. Akija kuugua figo, mume anaweza kuwa tayari kabisa kumtolea, lakini kipimo kikakataa. Mke kumtolea mume hakuna kizuizi hicho. Kwa hiyo mgonjwa akiulizwa na daktari amezaa mara ngapi, mimba zilizoharibika ni ngapi, na aliwahi kuongezewa damu lini, asione haya wala asifiche. Wengi wetu tuliongezewa damu utotoni kwa ajili ya malaria bila hata kukumbuka. Ulizeni wazee.

Msikate tamaa lakini. Figo ya kwanza iliyodumu ilipandikizwa Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954, kati ya ndugu pacha Ronald na Richard Herrick. Madaktari walitaka uhakika kwamba ni pacha wa kufanana kabisa, wakawabandika ngozi kwa kubadilishana, na hata alama za vidole zikachukuliwa kituo cha polisi. Richard aliishi miaka minane zaidi. Asiye na pacha wakati ule alikuwa hana dawa ya kuwatuliza askari. Dawa zikaja polepole. Kubwa ilikuwa siklosporini, iliyotokana na ukungu wa udongo wa Norway na kuruhusiwa Marekani mwaka 1983. Kwayo figo zilizotoka kwa marehemu, ambazo kabla yake karibu nusu zilikufa katika mwaka wa kwanza, zikaanza kudumu kwa zaidi ya wagonjwa wanane katika kumi. Leo nyingi hutumia takrolimusi pamoja na nyingine.

Dawa hizo ndizo zilizobadili hesabu ya undugu. Mwaka 1995 Terasaki yule yule na wenzake walichapisha hesabu za Marekani. Figo zilizotolewa na mume au mke, watu ambao alama zao aghalabu hazifanani kabisa, zilikuwa hai baada ya miaka mitatu kwa asilimia 85. Zilizotolewa na wazazi, ambao hufanana nusu, zilikuwa asilimia 82. Za marehemu asilimia 70. Kumbe figo yenye afya, iliyotoka kwa mtu aliye hai na ikaunganishwa upesi kabla ya kukaa bila damu, ina nguvu kushinda tofauti nyingi za vipande. Kufanana kabisa bado ni bora, na figo ya ndugu aliyefanana yote ndiyo hudumu zaidi. Lakini kutofanana si hukumu ya kifo.

Bei yake ni vidonge, kila siku, kwa saa zile zile, maisha yote. Mgonjwa akiona nafuu akaviacha, askari huamka, na figo hupotea. Tena askari waliolewa dawa hawapigani vizuri na kifua kikuu, nacho kwetu ni kingi. Rifampisini ya kutibu kifua kikuu hupunguza nguvu ya takrolimusi mwilini, na tunda la balungi huizidisha mpaka ikawa sumu. Mgonjwa asimeze dawa ya dukani wala ya mitishamba bila kumwambia daktari wake wa figo.

Wapo wanaouliza kuhusu wenye virusi vya UKIMWI. Zamani walikataliwa. Mwaka 2008 daktari Elmi Muller wa Cape Town alianza kuwapandikiza wagonjwa hao figo za marehemu ambao nao walikuwa na virusi. Matokeo ya wagonjwa 27 yalichapishwa mwaka 2015, na baada ya miaka mitano asilimia 74 walikuwa hai. Jambo hilo lilitoka Afrika, na nchi nyingine zikalifuata.

Na mtoaji je? Ronald Herrick alirudi kwenye kazi zake, akafundisha na kulima, akafa mwaka 2010 akiwa na umri wa miaka 79, miaka 56 baada ya kubaki na figo moja. Mtoaji mwenye afya huanza kazi nyepesi baada ya majuma machache, lakini kubeba magunia au kusukuma troli kabla ya majuma sita au zaidi hapana. Presha yake ipimwe kila mwaka.

Hapo ndipo Chama kina la kusema. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 humpa mgonjwa mshahara kamili mwezi wa kwanza, na ugonjwa ukiendelea baada ya mwezi wa pili, mwajiri anaweza kuvunja mkataba. Aliyepandikizwa figo mara nyingi huhitaji miezi miwili au mitatu. Mtoaji ndiye mwenye shida zaidi: yeye si mgonjwa, alikwenda hospitali mzima, na mwajiri anaweza kudai kwamba alijitakia. Kwa maoni yetu, likizo ya mtoaji na kazi nyepesi baada yake ziandikwe katika mapatano ya pamoja, kiwanda kwa kiwanda, shamba kwa shamba. Na mtu akija getini na bei ya figo, mfukuzeni. Biashara hiyo imekatazwa na sheria ya 2023, na muuzaji mwenye njaa huficha ugonjwa wake ili apate fedha.

Ndugu yetu wa shamba la chai tumemwambia arudi kwa daktari aulize neno moja: ni kundi la damu, ni kipimo cha silaha, au ni afya yake mwenyewe? Ana dada wawili wa baba na mama yule yule, mmoja yuko Jinja na mwingine Masaka. Hao bado hawajapimwa.