Je, shughuli yako ni biashara kwa mujibu wa sheria ya VAT?

Chukua mfano wa kikundi cha kina mama mjini Eldoret kinachokodisha mahema na viti kwa harusi na mazishi. Mapato yake hulipia watoto karo, na hakuna mwanachama anayegawiwa faida. Je, kikundi hicho kinafanya biashara?

Kwa mujibu wa Sheria ya Ushuru wa Ongezeko la Thamani, yaani VAT, ya mwaka wa 2013, jibu ni ndiyo. Sheria hiyo haiangalii kama kuna duka au faida. Shughuli yoyote inayofanywa mara kwa mara, ambapo bidhaa au huduma hutolewa kwa malipo, ni biashara. Uchuuzi, utengenezaji wa bidhaa, taaluma kama uwakili na uhasibu, pamoja na kukodisha mali, yote yamo.

Kazi ya kuajiriwa haimo. Mwalimu anayepokea mshahara hafanyi biashara, lakini akifanya uhasibu kwa wateja wake kila wikendi, hiyo ni biashara. Uraibu wa mtu wa kujifurahisha pia haumo.

Ni nani anayepaswa kujisajili?

Kufanya biashara pekee hakumlazimu mtu kujisajili. Anayelazimika ni yule ambaye mauzo yake yanayotozwa VAT yamefika shilingi milioni 5 katika miezi 12, au anatarajia yafike. Hesabu ni ya mauzo, si ya faida. Pia ni ya mtu, si ya duka: mwenye maduka matatu, kila moja likiuza bidhaa za milioni 2 zinazotozwa VAT, amefika milioni 6 na anapaswa kujisajili katika muda wa siku 30.

Mauzo yasiyotozwa VAT hayahesabiwi. Mkulima wa Moiben aliyeuza mahindi ya milioni 6 bila kuyasindika amefanya biashara, lakini halazimiki kujisajili. Vivyo hivyo, kodi ya nyumba za kuishi haitozwi VAT, ilhali kodi ya maduka na ofisi hutozwa.

Mambo ya kuzingatia

• Kibali cha biashara cha kaunti si usajili wa VAT. VAT hukusanywa na Mamlaka ya Ushuru Nchini, KRA.
• Aliyesajiliwa hutoza asilimia 16 kwa bidhaa na huduma nyingi, na huwasilisha ripoti kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama hakuuza chochote. Akichelewa, hutozwa faini ya shilingi 10,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kutegemea kiwango kilicho juu.
• Asiyesajiliwa haruhusiwi kumtoza mteja VAT.

Wakazi wanashauriwa kuweka rekodi za mauzo ya kila mwezi. Usajili hufanywa kupitia mtandao wa iTax, na wanaohitaji maelezo zaidi wanaweza kufika katika ofisi za KRA mjini Eldoret.