Neno la Mtu Halifutwi na Mwingine

Sogeeni, wanangu, niwasimulie habari za kijana wa miaka 17 aliyepewa kazi ya kumaliza ugomvi.

Mwaka 1973, Chuo Kikuu cha Illinois, mjini Urbana huko Marekani, kilikuwa na mfumo wa kompyuta ulioitwa PLATO. Donald Bitzer na wenzake waliuanzisha mwaka 1960 ili kufundishia wanafunzi. Kompyuta yenyewe ilikuwa moja, kubwa, na watu waliifikia kupitia mashine nyingi zilizotandazwa huku na huko, zenye vioo vilivyowaka maandishi ya rangi ya machungwa. Siku zile mtu mwenye kazi ya kompyuta mara nyingi aliipeleka, akaondoka, akarudi baadaye kuchukua majibu. PLATO ilikuwa tofauti. Iliwakutanisha watu wengi humo ndani kwa wakati mmoja, na penye watu wengi maneno hayakosi.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Mtu akigundua kasoro katika mfumo, alifungua faili moja ya wote na kuandika shida yake. Mafundi waliisoma, wakajibu humo humo. Lakini faili ile haikuwa na mlinzi. Yeyote aliweza kubadili maneno ya mwenzake au kuyafuta kabisa, na hapakuwa na njia ya kujua nani kaandika nini. Unaeleza kasoro asubuhi, jioni huikuti.

Paul Tenczar, aliyebuni lugha ya TUTOR iliyotumika kuandikia masomo ya PLATO, alimwomba mwanafunzi aitwaye David Woolley atengeneze kitu salama zaidi. Woolley ndiye yule kijana wa miaka 17. Angeweza kuweka kufuli kwenye faili na kwenda zake. Yeye alifikiri zaidi ya hapo. Aliamua kila ujumbe usimame peke yake, mfumo wenyewe uupige muhuri wa jina la mwandishi na tarehe, na majibu yaufuate chini yake kwa mpangilio. Mwandishi hakupewa nafasi ya kujiita jina la mtu mwingine. Msomaji hakupewa nafasi ya kugusa neno la mwenzake. Programu hiyo ilianza kutumika Agosti 1973 ikaitwa Notes. Mimi naamini uamuzi ule ni mkubwa kuliko mistari yote ya programu aliyoiandika, maana ulitoka katika kuwatazama watu na kuona wanaumizana wapi.

Miaka hiyo hiyo alikuwapo pale mwanafunzi mwingine, Ray Ozzie. Alipotoka chuoni akaingia kwenye ulimwengu wa kampuni, alikuta wafanyakazi wana kompyuta mezani lakini kila mmoja yuko kisiwani mwake. Barua ziliandikwa kwa kompyuta, zikachapwa, kisha zikatembezwa kwa miguu. Ozzie aliikumbuka Notes. Mwishoni mwa mwaka 1984 alianzisha kampuni ndogo iitwayo Iris Associates kwa fedha za kampuni ya Lotus, akawa pamoja na wenzake waliopitia PLATO, akina Tim Halvorsen na Len Kawell. Walifanya kazi miaka mitano. Mwaka 1989 ikatoka Lotus Notes, na kampuni ya wahasibu Price Waterhouse, yenye ofisi katika nchi nyingi, ikanunua leseni 10,000.

Hapa tegeni sikio vizuri. Lotus Notes haikuuzwa ikiwa na kazi moja iliyokwisha tengenezwa, kama mchezo mnaoupakua kwenye simu. Ilikuwa jukwaa. Lilikupa seva, yaani programu ya kompyuta kuu inayowahudumia wote, pamoja na barua pepe, ulinzi na vifaa vya kujengea. Programu za ofisi yako ulizijenga mwenyewe juu yake. Wengi waliozijenga hawakuwa mafundi wa kompyuta. Walikuwa makarani, wahasibu na wasimamizi walioijua kazi yao kwa ndani.

Tuseme mfanyakazi amesafiri kikazi, akalipa teksi na chakula kwa pesa za mfukoni, na sasa anataka arudishiwe. Ofisi imekuomba utengeneze programu ya madai hayo. Usikimbilie kompyuta. Nenda kakae na yule mfanyakazi, mwulize karatasi inaanzia wapi. Kamwulize mkuu wake anaangalia nini kabla ya kutia sahihi. Kamwulize mhasibu kwa nini karatasi nyingine zinakwama mezani kwake hata mwezi. Mara nyingi utakuta inakwama kwa sababu ndogo sana, labda tarehe haikuandikwa, au risiti haikuambatishwa.

Ndipo unachora fomu. Jina, tarehe ya safari, kiasi, risiti. Jina usimwachie mtu alijaze. Mfumo unamjua, uliandike wenyewe, kama Woolley alivyofanya. Tarehe ifanye ya lazima, fomu isikubali kuhifadhiwa bila hiyo. Baada ya fomu unatengeneza orodha. Dai ni lile lile moja, limehifadhiwa mahali pamoja, lakini mkuu wa idara anafungua orodha ya madai yanayosubiri sahihi yake, mhasibu anafungua yaliyokwisha kusainiwa, na mfanyakazi anafungua ya kwake. Hakuna anayenakili karatasi ya mwenzake. Ukipenda, unaongeza maagizo mafupi ili mkuu akikubali dai, barua pepe iende kwa mhasibu papo hapo.

Kisha inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote, ruhusa. Kila programu ya Lotus Notes ilikuwa na ngazi saba. Ya chini kabisa ni mtu asiyeruhusiwa hata kufungua. Juu yake yupo anayeweza kutia tu bila kuona kilichomo, kama mtu anayetumbukiza karatasi katika sanduku la maoni. Anafuata msomaji, asiyeandika kitu. Halafu mwandishi, anayeandika na kurekebisha ya kwake. Halafu mhariri, anayeweza kurekebisha ya wote. Juu ya huyo ni mbunifu, mwenye ruhusa ya kubadili fomu na orodha zenyewe, na mwisho meneja, anayegawa ngazi kwa wengine. Tena unaweza kutaja katika hati moja majina ya watu wanaoruhusiwa kuisoma, na asiyetajwa haioni hata kwenye orodha.

Wabunifu wachanga huona hapa ni mahali pa kupita haraka. Wanampa kila mtu uhariri ili wasisumbuliwe. Mimi nawasihi msifanye hivyo. Mfanyakazi akiwa mhariri, anaweza kubadili kiasi cha pesa baada ya mkuu kukubali. Mkuu akiwa mhariri, anaweza kupunguza dai la mtu asiyempenda, na yule mtu asijue kwa nini amelipwa pungufu. Mpe mfanyakazi na mkuu wake ngazi ya mwandishi, na dai likisha kusainiwa, majina yao yaondoke kwenye sehemu inayowaruhusu kurekebisha. Mstari mmoja tu wa maagizo, na watu wawili wamekingwa.

Mwaka 1995 IBM iliinunua Lotus kwa dola bilioni 3.5. Mwishoni mwa mwaka 1996 seva ya Lotus Notes ikapewa jina la Domino, na fomu zile zile zikaanza kufunguka katika kivinjari cha wavuti. Mwaka 2001 Microsoft ilileta jukwaa lake la SharePoint, na mengine yakafuata. Katika yote hayo mbunifu anaulizwa maswali yale yale: nani anaandika, nani anasoma, nani anabadili.

Limebaki jambo moja gumu. Tuseme kampuni yenye ofisi Boston na London ilikuwa na seva mbili, kila moja na nakala yake ya programu, maana simu za kuvuka bahari zilikuwa ghali. Seva hizo zilipigiana kwa saa zilizopangwa, zikalinganisha yaliyobadilika tangu mara ya mwisho, na kupelekeana hayo tu. Lakini itakuwaje ikiwa kabla hazijapigiana, mtu wa Boston na mtu wa London wamerekebisha hati ile ile?

Notes haikufuta kazi ya yeyote. Hati iliyorekebishwa mara nyingi zaidi ilibaki kuwa kuu, na zikilingana, ile iliyohifadhiwa mwisho. Ile nyingine ilitundikwa chini yake ikiwa na alama kwamba pamegongana. Baadaye mbunifu aliweza kuagiza kwamba ikiwa mmoja amegusa tarehe na mwingine amegusa kiasi, mabadiliko yote mawili yaunganishwe. Lakini ikiwa wote wamegusa kiasi, Boston imeandika 80 na London imeandika 95, mfumo unaziacha hati zote mbili zionekane, na watu wawili wanapigiana simu waulizane ipi ni sahihi.