Haki ya Kukataa

Mwanamuziki akilalamika kwamba wimbo wake umeibwa, mara nyingi anachodai ni malipo. Anataka chake kwa mlio wa simu uliouzwa, kwa tangazo lililorushwa, kwa hoteli iliyoupiga usiku kucha. Madai hayo ni ya haki. Lakini ndani ya hakimiliki kuna kitu kingine ambacho wasanii wetu wanakiachia kirahisi kuliko fedha, nacho ni mamlaka ya kukataa: wimbo huu hautauza pombe, hautampigia debe mgombea yeyote, hautabadilishwa maneno. Fedha ambazo hukulipwa unaweza kuzidai baadaye. Mamlaka ya kukataa, ukishayasaini yakaenda, kuyarudisha ni kazi ya miaka, na wengi hufa kabla.

Tuanze na jambo ambalo likieleweka, mengine yote hufuata. Kila wimbo uliorekodiwa una mali mbili. Ya kwanza ni utunzi, yaani melodia na mashairi, na hiyo ni ya mtunzi tangu dakika alipoutunga na kuuweka kwenye karatasi au kinasa sauti. Ya pili ni ile sauti iliyonaswa studio, ambayo wenye kazi huiita masta, na kwa kawaida mwenyewe ni yule aliyegharamia kurekodi. Msanii anayejilipia studio na kuimba alichokitunga anaweza kuwa na zote mbili. Akisaini na lebo, masta huenda kwa lebo. Utunzi hauna sababu ya kuifuata, ila mkataba ukisema hivyo.

Kisa cha Taylor Swift wa Marekani kinaonyesha uzito wa tofauti hiyo. Mwaka 2019 kampuni iliyokuwa na masta za albamu zake sita za mwanzo iliuzwa kwa meneja wa wanamuziki Scooter Braun, na mwaka uliofuata masta zenyewe zikauzwa tena kwa kampuni ya uwekezaji. Yeye hakuzitaka biashara hizo, lakini hakuweza kuzizuia. Kilichobaki mikononi mwake ni utunzi, kwa kuwa nyimbo hizo alizitunga mwenyewe au kwa kushirikiana na wengine. Kampuni ya filamu au matangazo inayotaka kuweka rekodi kwenye picha inahitaji ruhusa mbili, ya mwenye masta na ya mtunzi. Swift alikuwa na uwezo wa kunyima ya pili, na wamiliki wapya wakabaki na masta wasizoweza kuziuza kwa filamu bila yeye. Kisha akaanza kuzirekodi upya albamu hizo: mbili zikatoka mwaka 2021, mbili nyingine mwaka 2023. Mei 2025 alizinunua masta za zamani. Mwimbaji aliyetungiwa nyimbo na mtu mwingine asingekuwa na nguvu hiyo hata angekuwa na sauti ya namna gani.

Hata hivyo, mtunzi hana kauli sawa juu ya kila matumizi. Yapo matumizi ambayo sheria imemwachia malipo tu. Kurudia wimbo ni mojawapo. Nchini Marekani, tangu sheria ya mwaka 1909, wimbo ukishatolewa kwa umma mara ya kwanza kwa ridhaa ya mtunzi, mtu yeyote anaweza kuurekodi upya bila kumbembeleza, mradi alipe kiwango kilichowekwa kisheria na asiharibu melodia au sura yake ya msingi. Kiwango hicho kilikuwa senti 2 kwa nakala, na kilikaa hapohapo hadi mwaka 1978, karibu miaka 70! Kupigwa hadharani nako huendeshwa kwa jumla: hoteli, redio au matatu hulipia leseni ya chama cha kukusanya mirabaha na kupata ruhusa ya nyimbo zote za wanachama. Mtunzi hawezi kuchagua baa hii ipige na ile isipige. Naona ni sawa, kwa sababu hakuna mtunzi awezaye kuzungukia baa za Mombasa au Mwanza akiuliza nani kapiga nini.

Wimbo ukifungwa kwenye picha, hali inabadilika kabisa. Filamu, tangazo, video ya kampeni, yote hayo yanahitaji ruhusa mahususi, na mwenye haki anaweza kukataa bila kutoa sababu. Eddy Grant, mzaliwa wa Guyana, alimshtaki Donald Trump baada ya wimbo wake "Electric Avenue" kutumika kwenye video ya kampeni iliyosambazwa mtandaoni Agosti 2020. Upande wa Trump ulijitetea kwamba matumizi yale yaliruhusiwa kisheria bila ridhaa ya mwenye wimbo. Septemba 2024 jaji wa New York aliukataa utetezi huo. Kupiga wimbo kwenye uwanja wenye leseni ni jambo moja. Kuuchukua na kuuambatisha kwenye ujumbe wako ni lingine. Timu za kampeni za kwetu, ambazo kila msimu wa uchaguzi huchukua wimbo unaotamba na kuubadilisha maneno, zingefaa kuisoma hukumu hiyo.

Kubadilisha maneno kunagusa pia haki ambayo haihusu fedha hata kidogo. Mkataba wa Berne, ambao Tanzania na Kenya zote ni wanachama wake, unampa mtunzi haki ya kutajwa jina na haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa kwa namna inayomvunjia heshima. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 inasema haki hizo haziwezi kuhamishwa mtunzi akiwa hai. Ameuza kila kitu, lakini heshima yake ameachiwa. Ni kifungu ambacho mawakili wetu wangekitumia zaidi.

Sasa nije kwa Solomon Linda, kwa sababu kwake mambo haya yote yalikutana. Mwaka 1939 huko Johannesburg, mfanyakazi huyu wa Kizulu aliyekuwa akifungasha sahani za santuri katika kampuni ya Gallo aliingia studio ya kampuni hiyo na kundi lake la Evening Birds wakarekodi "Mbube". Santuri hiyo iliuzwa sana Afrika Kusini. Haki za wimbo aliziachia kwa Gallo kwa shilingi 10. Wimbo ukavuka bahari: The Weavers wakauimba kwa jina "Wimoweh", jina lililotokana na kusikia vibaya maneno ya Kizulu, mwaka 1961 The Tokens wakautoa ukiwa na maneno ya Kiingereza kama "The Lion Sleeps Tonight", mwaka 1994 ukasikika katika filamu ya Disney, The Lion King. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa fukara. Nani angemuuliza kama anakubali?

Kilichowaokoa binti zake ni sheria ya kikoloni. Sheria ya Hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia katika makoloni, ilikuwa na kifungu kwamba haki zilizouzwa na mtunzi zingerudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo haki za Linda zilirudi mwaka 1987, na hakuna aliyeiambia familia. Wakili Owen Dean alikitumia kifungu hicho kuishtaki Disney mwaka 2004, na mwaka 2006 familia ikafikia maridhiano na kampuni ya Abilene Music iliyokuwa ikisimamia wimbo huo. Jina la Linda likatambuliwa kwenye utunzi na mirabaha ikaanza kwenda kwao. Sikisomi kisa hiki bila uchungu, maana karatasi moja ya shilingi 10 iliwagharimu wanawe zaidi ya miaka 40.

Kwetu tuna jeraha la "Malaika". Fadhili William aliurekodi na kujulikana nao, Miriam Makeba akaupeleka duniani, lakini Adam Salim naye alidai hadi mwisho kwamba aliutunga yeye. Asiyeweza kuthibitisha utunzi hana la kukataza. Kwa hiyo wasanii wa leo, kabla hamjatoka studio, andikeni nani katunga melodia, nani mashairi, prodyuza ana asilimia ngapi kwenye biti, kisha wote mtie saini. Usajili katika ofisi za hakimiliki, COSOTA ya Tanzania au KECOBO ya Kenya, hauzai haki, kwani haki ipo tayari, ila unasaidia sana siku ya ushahidi. Jihadharini pia na biti inayouzwa kwa watu wengi: YouTube ina mfumo wa kutambua sauti unaompa mwenye wimbo uchaguzi wa kuzuia video za wengine au kuchukua mapato yake, na aliyewahi kuiingiza biti hiyo anaweza kukufungia wimbo wako mwenyewe.

Ukiletewa mkataba, tafuta maneno "haki zote, duniani kote, kwa muda wote". Hayo ni kuuza nyumba na hati yake, wakati ungeweza kuipangisha. Omba leseni badala ya uhamisho, yatajwe matumizi unayoyaruhusu, na kiwekwe kifungu kwamba matangazo na kampeni za siasa vitahitaji idhini yako ya maandishi kila mara. Omba pia mwisho. Sheria ya Marekani inamruhusu mtunzi aliyesaini tangu mwaka 1978 kudai haki zake baada ya miaka 35, na wapo waliozipata. Katika mkataba wako unaweza kuandika muda mfupi zaidi, miaka 7 au 10, kisha utunzi na masta virudi kwako, au kwa wanao ukiwa umeondoka.