Richard Tauber na Dakika Tatu za Santuri

Ukipata santuri ya Richard Tauber, usisikilize noti ya juu ilivyo na nguvu. Sikiliza anavyoikwepa nguvu hiyo. Wimbo unapanda, okestra inavimba, msikilizaji anangoja mwimbaji aachie koo. Tauber hapo hapo anapunguza. Noti inatoka nyembamba na tamu, karibu ya kunong'ona, na bado kila silabi inasikika. Wasomi wa uimbaji huiita nusu sauti, na ni ngumu kuliko kupaza, kwa sababu pumzi inayohitajika ni ile ile ila sasa lazima ibanwe.

Alizaliwa Linz, Austria, mwaka 1891, wazazi wote wawili wakiwa waigizaji. Alisomea muziki Ujerumani, na mwezi Machi 1913 akapanda jukwaani Chemnitz, kwenye ukumbi uliokuwa ukiongozwa na baba yake, kuimba Tamino katika opera ya Mozart, *Die Zauberflöte*. Upendeleo? Labda kidogo. Lakini opera ya Dresden ilimpa mkataba wa miaka mitano, na huko akajulikana kama mtu wa kuitwa mwenzake akiugua ghafla, maana alishika nafasi mpya haraka ajabu.

Alianza kurekodi na kampuni ya Odeon mwaka 1919. Wakati huo studio haikuwa na maikrofoni. Mwimbaji alisimama mbele ya pembe kubwa, na mawimbi ya sauti yake mwenyewe ndiyo yaliyotikisa sindano iliyochora mfereji kwenye nta. Akipaza sana, alirudi nyuma ili asiuharibu mfereji. Akishusha, alisogea mdomo ukakaribia kuingia ndani ya pembe. Chombo cha namna hiyo kiliwafaa wenye vifua vya chuma. Nusu sauti ilififia. Kisha mwaka 1925 kurekodi kwa umeme kukaingia sokoni, na kwa mara ya kwanza mnong'ono wa mwimbaji ungeweza kufika sebuleni kwa mtu ukiwa mzima. Tauber alikuwa tayari na kitu ambacho mashine mpya ilikitafuta.

Alikuwa pia na Franz Lehár, mtunzi wa opereta. *Paganini* ya Lehár ilipozinduliwa Vienna mwaka 1925, Tauber hakuwamo, na haikuvuma. Alipoiimba Berlin mwaka uliofuata, ikashika. Tangu hapo Lehár aliandika akiwa na koo moja akilini: *Der Zarewitsch* (1927), *Friederike* (1928), *Das Land des Lächelns* (1929). Katika kila opereta uliwekwa wimbo mmoja wa Tauber, mara nyingi kwenye sehemu ya pili, na watu waliujua kwa jina hilo hilo, *Tauberlied*. Ukumbini alitakiwa kuurudia mara kadhaa, naye kila mara aliubadilisha, huku akipaza, huku akishusha. Nyumbani ulienea kwenye upande mmoja wa sahani ya inchi kumi, dakika tatu hivi. Kipimo hicho hicho cha sahani kiliwabana waimbaji dunia nzima, akiwemo Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928.

Uliovuma kupita yote, *Dein ist mein ganzes Herz*, haukuwa hata mpya. Melodi yake ilitoka katika *Die gelbe Jacke*, opereta ya Lehár ya mwaka 1923 iliyokuwa imepokewa kwa ubaridi. Lehár aliifumua, akaishona upya kwa kimo cha Tauber, ikawa *Das Land des Lächelns*.

Fanaka hiyo haikudumu. Mwaka 1933 wafuasi wa Hitler walimpiga Berlin. Babake alikuwa na asili ya Kiyahudi, na hilo lilitosha. Alihamia Vienna, akaimba *Giuditta* mwaka 1934, na Ujerumani ilipoimeza Austria mwaka 1938 akahamia Uingereza, akawa raia wake mwaka 1940. Fritz Löhner-Beda, mmoja wa walioandika maneno ya wimbo ule mashuhuri, aliuawa Auschwitz mwaka 1942. Lehár mwenyewe, ambaye Hitler aliupenda mno muziki wake, alibaki salama.

Wapo waliosema opereta ilimharibu, kwamba mwimbaji wa Mozart alijiuza kwa vinyimbo vya mapenzi. Mimi sikubaliani, na ushahidi wangu ni jioni ya tarehe 27 Septemba 1947. Opera ya Vienna ilikuwa London, na Tauber akaalikwa kuimba Don Ottavio katika *Don Giovanni*, nafasi yenye mistari mirefu isiyompa mwimbaji pa kuvutia pumzi. Pafu lake la kushoto lilikuwa limeliwa na saratani. Siku chache baadaye liliondolewa, na mwezi Januari 1948 akafariki. Jioni ile aliimba nafasi yote kwa pafu moja lililokuwa zima. Mtu aliyeishi kwa kupaza tu asingefika mwisho wa aria ya kwanza.