Wimbo wa Kisiki

“Kata mti, panda mti.” Wengi tuliikariri kaulimbiu hii shuleni, na vikundi vya ngoma huiimba hadi leo. Nia yake ni njema, lakini kwa misitu ya miombo ya Tabora, Urambo na Sikonge inaacha jambo kubwa. Mti wa mtundu au muyombo uliokatwa bado uko hai. Mizizi yake ina akiba ya chakula, na kisiki huchipua chenyewe. Adui wa machipukizi hayo ni moto wa mwishoni mwa kiangazi, jembe, na mifugo inayorudi palepale kila mwaka.

Majirani zetu wa Shinyanga wameliona hilo. Mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI, ulioanza 1986, ulihimiza ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa masika ili yaliwe kiangazi. Vichaka vingi vilirudi kutokana na mizizi na visiki vilivyokuwemo ardhini.

Elimu ya namna hii inahitaji sanaa yenye kueleza sababu. Amri peke yake haitoshi. Chukua mzinga wa gome. Ili kuutengeneza, mrina asali huuchuna mtundu gome kulizunguka shina lote. Sukari inayotengenezwa na majani hushuka mizizini kwa kupitia gome hilo. Likitoka pete nzima, njia imekatika. Majani hubaki ya kijani kwa muda, ndiyo maana mchunaji haoni madhara; kumbe chini mizizi inakufa njaa, kisha mti mzima unakauka ungali umesimama. Na maua ya mti huohuo ndiyo chakula cha nyuki wake!

Sasa liweke jambo hilo uwanjani. Wachezaji wajipange mstari, wengine wawe majani, mmoja gome, wengine mizizi, wapokezane kibuyu cha sukari kutoka kwa majani hadi kwa mizizi. Gome aondolewe katikati. Majani waendelee kucheza kwa mbwembwe huku mizizi wakilegea mmoja mmoja, mpaka majani nao waishiwe maji. Mtazamaji ameona sayansi yote, mpangilio wake na kuchelewa kwake.

Uwanja tunao. Wapagazi wa Kinyamwezi waliimba njia nzima kati ya Bagamoyo na Ujiji, na mashambani watu wamelima kwa nyimbo vizazi na vizazi. Kwa Wasukuma, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana, na umati huhama kumfuata mtunzi mwenye jambo. Kundi moja litetee kupanda, jingine litetee kisiki, na mtaalamu wa misitu awepo tangu mazoezini ili hoja zisipotoke. Mkulima wa tumbaku, anayekata miti apate kuni za kukaushia, asitukanwe. Aimbiwe habari za bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, linalotumia kuni chache, naye atasikiliza.

Mashindano haya hufanyika baada ya mavuno, kuanzia Juni. Wakati huo nyasi bado zina unyevu, na moto ukiwashwa kwa mpango huwa mdogo. Ukisubiri Septemba au Oktoba, unayateketeza machipukizi. Wimbo wa moto uimbwe Juni.