Kuomba Masomo ya Udaktari katika Falsafa: Swali Kutoka Njia ya Misafara

Mwanafunzi wa kidato cha sita mjini Tabora apendaye hesabu au kemia huijua, japo kwa mbali, njia iwezayo kumfikisha kwenye shahada za juu. Mwenziwe apendaye kuuliza haki ni nini, au kwa nini ahadi imfunge mtu aliyeitoa, haioni njia ya namna hiyo. Falsafa kwa kawaida haifundishwi kama somo la pekee katika shule zetu za sekondari, na wengi huidhania kuwa ni elimu ya seminari tu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi nafasi ya masomo ya udaktari katika falsafa inavyoombwa, na ombi hilo hupimwa kwa kipimo gani. Tutaona kuwa cheti na alama humfikisha mwombaji mlangoni, lakini kinachomwingiza ndani ni swali lake. Tutaona pia kuwa swali la kufaa laweza kuokotwa Tabora kwenyewe.

Kwa nini hata mwanakemia ni "daktari wa falsafa"

Kwanza tuondoe utata wa jina. Katika vyuo vikuu vya kale vya Ulaya vitivo vya juu vilikuwa vitatu: theolojia, sheria na utabibu. Masomo mengine, hesabu na elimu ya maumbile yakiwemo, yaliwekwa katika kitivo kilichokuja kuitwa cha falsafa. Katika karne ya 19 vyuo vikuu vya Ujerumani viliigeuza shahada ya kitivo hicho kuwa shahada ya utafiti, yaani mtu aliipata kwa kuongeza jambo jipya katika elimu. Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kiliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1861. Oxford kikaianzisha mwaka 1917. Ndiyo sababu mtaalamu wa mimea au wa kemia naye huitwa daktari wa falsafa. Kiswahili kimeipa shahada hiyo jina lake, uzamivu, linalotukumbusha kazi ya mzamiaji: hatosheki na kinachoelea juu ya maji.

Makala haya yanamhusu yule anayetaka kuzamia falsafa yenyewe. Hana maabara wala darubini. Jambo jipya analotakiwa kulileta ni hoja: dhana iliyopambanuliwa vizuri zaidi, pingamizi ambalo halijajibiwa, au msingi wa wajibu ambao wenzake hawajauona.

Waliotutangulia

Tabora si mgeni katika habari hii. Mwalimu Julius Nyerere alisoma katika shule ya serikali ya Tabora kuanzia mwaka 1937 hadi 1942. Baada ya Makerere alirudi Tabora kufundisha katika shule ya St. Mary's, na mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikopata shahada ya M.A. mwaka 1952. Falsafa ya maadili ilikuwa miongoni mwa masomo yake huko. Hakuendelea hadi udaktari, lakini andiko lake la mwaka 1962 kuhusu Ujamaa lilifanya kazi ya kifalsafa: lilichukua neno la nyumbani, jamaa, likauliza wajibu uliomo ndani yake waweza kupanuliwa hadi wapi.

Henry Odera Oruka wa Kenya alikwenda Uppsala, Uswidi, akaanza na masomo ya sayansi kabla ya kuhamia falsafa, na akapata udaktari wake mwaka 1970. Aliporudi kufundisha Nairobi aliwatafuta wazee wenye busara vijijini na kuwahoji. Kitabu chake kuhusu falsafa ya wahenga kilitoka mwaka 1990. Alipambanua aina mbili za wahenga. Wa kwanza hueleza barabara desturi za watu wake. Wa pili huzijua desturi hizo, kisha huzihoji na kutoa sababu za kuzikubali au kuzikataa. Huyu wa pili ndiye mwanafalsafa. Mwombaji na aushike upambanuzi huo, kwa kuwa maombi mengi huharibika hapo.

Njia ya misafara na utani

Njia ya kati ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, penye Tabora ya leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857 wakafika Kazeh, karibu na Tabora, mwezi Novemba. Wanyamwezi walikuwa wakiijua njia hiyo zamani kabla yao. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo thelathini, wa pembe za ndovu, nguo, shanga au waya. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kazi hiyo ilikwisha.

Fikiri hali ya mpagazi aliyeugua mbali na kwao. Hana ndugu hapo, hana mahakama ya kumlinda, na hajafanya mkataba na wenyeji. Nani atampa maji? Akifa, nani atamzika? Mojawapo ya majibu yaliyopatikana kwenye njia hiyo ni utani. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani hadi leo. Mtani aweza kukutukana na kukunyang'anya kitu kidogo nawe usikasirike. Lakini huyohuyo hufika msibani, hushika kazi ya mazishi na kuwaliwaza wafiwa kwa mizaha yake. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi, ameonyesha jinsi utani ulivyofungamana na safari hizo.

Wanaanthropolojia waliuandika utani mapema. Radcliffe-Brown aliufafanua uhusiano wa namna hii mwaka 1940, na Moreau akaandika habari za utani wa Tanganyika mwaka 1944. Lakini kwa Kiingereza uliitwa uhusiano wa mizaha, na jina hilo limeichukua nusu ya jambo na kuiacha nusu. Mizaha ni sehemu inayosikika; sehemu inayobeba uzito ni wajibu.

Kutoka desturi hadi swali

Tuseme sasa kwamba mwalimu mmojawapo wa Tabora, mwenye shahada ya uzamili, anataka kuomba nafasi ya udaktari. Akiandika kuwa atachunguza "Utani wa Wanyamwezi", hiyo ni mada, wala si swali, nayo yafaa zaidi idara ya historia au ya anthropolojia. Ili liwe ombi la falsafa, budi apande ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni kuuliza swali lenye jibu linaloweza kupingwa: je, wajibu wa mtani una msingi gani? Mtani hakuahidi, alizaliwa akaukuta utani upo. Wala hawiwi na watu wote, maana mtani ni wa kabila fulani.

Ngazi ya pili ni kulipeleka swali hilo kwa waliokwisha kulifikiria. Hume, katika kitabu chake kikubwa cha 1739 na 1740, alieleza kuwa haki na ahadi hutokana na mapatano ya watu yanayozoeleka taratibu. Kant, mwaka 1795, aliandika kuwa mgeni ana haki ya kutotendewa kama adui afikapo nchi ya wengine. Rawls, mwaka 1971, alitenga wajibu wa asili, unaotuhusu sisi sote, na wajibu unaotokana na matendo yetu ya hiari. Dworkin, mwaka 1986, alitetea wajibu unaotokana na kuwa mmoja wa kundi, kama familia au taifa. Utani hauingii vizuri katika chumba chochote kati ya hivyo. Ni wajibu wa kurithi, lakini ni kwa watu wasio wa kundi lako. Ujamaa ulianza na jamaa. Utani huanza pale jamaa wanapokoma. Hapo mwombaji amepata pengo, na pengo ndilo analolitafuta msomaji wa ombi.

Ngazi ya tatu ni kulikabili pingamizi lililo kali kuliko yote. Njia hiyohiyo iliyopitisha wapagazi ilipitisha watumwa, nao hawakuokolewa na utani. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hii katika orodha yake ya awali ya Urithi wa Dunia kwa jina la njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Je, maadili yanayomlinda mgeni mmoja na kumwacha mwingine afungwe mnyororo ni maadili, au ni mapatano ya wafanyabiashara tu? Mwombaji anayeliruka swali hili ili kuusifu utamaduni wake ameandika tangazo, hakuandika falsafa. Anayelikabili ataaminiwa hata kama jibu lake bado halijakamilika.

Karatasi za ombi

Masharti hutofautiana baina ya nchi. Katika vyuo vikuu vyetu mwombaji hutakiwa kuwa na shahada ya uzamili na pendekezo la utafiti. Kama shahada yake aliipata nje, Tume ya Vyuo Vikuu ndiyo yenye kazi ya kuitambua. Uingereza pia hudai pendekezo la utafiti, na masomo huchukua miaka mitatu au minne. Ujerumani mara nyingi mtu humtafuta kwanza profesa atakayekubali kumsimamia. Marekani idara nyingi hupokea hata mwenye shahada ya kwanza, kwa kuwa miaka ya mwanzo ni ya madarasa na mitihani. Masomo huchukua miaka mitano au zaidi, na maombi mengi hufungwa Desemba au Januari kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba.

Popote aombapo, mambo matatu huhitaji matayarisho ya muda mrefu. La kwanza ni insha ya mfano, ambayo katika falsafa huwa na uzito mkubwa kuliko karatasi nyingine. Insha yenye hoja moja iliyojengwa, ikapingwa na kutetewa, hupendeza kuliko insha inayopitia majina ishirini. La pili ni barua za wadhamini. Ziombwe mapema, kwa walimu waliosoma maandishi yako, hata kama si wenye vyeo vikubwa. Barua ya mkubwa asiyekujua haina la kusema. La tatu ni msimamizi. Soma makala zake kabla ya kumwandikia, kisha mweleze swali lako kwa aya moja.

Habari ya gharama isifichwe. Nafasi ya masomo bila ufadhili si ushindi; heshima ya barua ya kukubaliwa hailipi kodi ya nyumba. Ada ya maombi nayo ni mzigo kwa mwalimu, ingawa vyuo kadhaa huisamehe vikiombwa kwa maandishi. Tena kazi za kufundisha falsafa ni chache, hapa kwetu na ng'ambo. Mwombaji na apime, pamoja na jamaa zake, kama swali lake lastahili miaka mitano ya maisha yake. Kwa upande wa pili wa mizani kuna hasara nyingine: wazee wanaojua masharti ya utani wanapungua, na dhana isiyoandikwa na wenye lugha yake huishi vitabuni kwa jina la nusu.

Mazoezi ya darasani

Mwalimu hahitaji kungoja chuo kikuu. Maswali yafuatayo yaweza kujadiliwa kwa kipindi kimoja, kila upande ukitakiwa kueleza hoja ya wapinzani wake kwa haki kabla ya kuijibu.

1. Mtani akikataa kuja msibani, je, amevunja wajibu au amekosa adabu tu? Taja tofauti ya mambo hayo mawili.

2. Je, mtu aweza kufungwa na wajibu ambao hakuuchagua? Toa mfano usiokuwa wa ndugu wa damu.

3. Mwulize mzee mmoja mtaani kwenu watani wenu ni akina nani. Akikujibu, mwulize: "Kwa nini iwe hivyo?" Andika alichosema, kisha andika kwa nini unakubaliana naye au humkubali.